Mlango wa Mdogo Mtu

Rispah alifika mwisho wa riwaya akakuta kurasa zimenyofolewa.

Kilikuwa kisa cha ukoo wa wafumaji wa Uingereza ya zamani. Dada mkubwa aliwachongea wagomaji kwa mwenye kiwanda, mdogo wake akafukuzwa. Sasa dada huyo alikuwa kwenye theluji, akibisha mlango wa mdogo wake.

"Umezipeleka wapi?" Rispah alimuuliza mwenzake wa chumba.

Mwenzake hakuwa amemsemesha tangu Rispah amchongee kwa arbab, bosi wao Mwarabu, akaachishwa kazi. Alifungua ngumi. Vipande vya karatasi vilikuwa vimemganda kiganjani kwa jasho.

"Niambie tu, alifunguliwa?"

"Alibisha mpaka akafa," mwenzake alisema. "Khalas, imekwisha. Niondokee."