Neno Moja la Fundi

Mwanangu alipoinua sanduku la vifaa vya babake, mume wangu akasema kutoka kitandani, "Kiti."

Ndilo neno pekee alilobaki nalo tangu apooze upande wa kulia. Siku aliyopooza alikuwa akinitengenezea kiti cha jikoni.

"Unaona, mama? Hata haelewi. Na mnunuzi wa vifaa yuko nje anangoja," mwanangu akasema.

"Anaelewa," mkwe wangu, mke wa mwanangu, akasema, akikung'uta mto. "Akilivuta neno hilo, ana kiu. Akilikata, mguu unamuuma. Akilisema kwa madaha, hapo anamtania mama."

Mimi, niliyezoea kuwashinda watu kwa vitendawili, kwa hiki ningetoa mji. Yeye alikitegua akiwa anamlisha baba mkwe kwa kijiko.

"Na 'kiti' hiki cha sasa?" mwanangu akauliza.

"Hiki sijawahi kukisikia. Lete sanduku hapa," mkewe akasema.

Mkwe wangu akalifungua, akatoa randa ya kulainishia mbao, akaiweka kwenye mkono wa kushoto wa mzee. Vidole vikaipapasa polepole, vikaukumbuka mpini.

Mume wangu akailaza randa kwenye ubao wa kitanda, akasukuma. Uzi mwembamba wa maranda ukajikunja, ukadondokea kiatu cha mwanangu.