Gwanda la Kuazima

Bi Salha alipoleta vitumbua, alikuta mkahawa umepambwa upya. Kati ya matangazo ya kale ya sabuni na soda lilining'inia bango la marehemu mumewe, Mkadamu, amevaa gwanda la jeshi, amenyoosha kidole: TAIFA LINAKUITA.

"Wateja wanapenda mambo ya zamani, mama," alisema mwenye mkahawa. "Huyu alikuwa shujaa."

"Alikuwa muuza mikate. Gwanda watu wa jeshi walimwazima, apigwe picha tu. Lilimpwaya, nikalibana kwa pini mgongoni. Mabango yalipotundikwa, mtaa mzima ukamuuliza: unatuita twende, mbona wewe upo?"

"Akaenda?"

"Akaenda, wala hakurudi." Bi Salha aliweka beseni la vitumbua chini. Akaingiza vidole nyuma ya bango, akapapasa taratibu, kama anayezitafuta zile pini.