Nywele za Tunu

Mwajabu alimsuka mdogo wake kwa nguvu zaidi kuliko ilivyohitajika. Tunu, aliyekaa mkekani na kichwa chake kikiwa katikati ya magoti ya dada yake, alivumilia mwanzoni, kisha akashindwa.

"Dada, taratibu. Unaning'oa."

"Unakwenda chuo cha biashara. Lazima upendeze."

Mtihani wa kuingia chuo hicho waliusomea pamoja, kwa kitabu kimoja. Mwajabu ndiye aliyemfundisha Tunu hesabu za riba. Tunu akafaulu, Mwajabu akafeli, na tangu hapo kila mgeni aliyekuja kumpongeza Tunu alikunywa chai iliyopikwa na Mwajabu.

"Rudia mtihani, dada," Tunu alisema. "Mwisho wa kujiandikisha ni kesho."

"Ili nije nyuma yako, nikuamkie shikamoo?"

Mwajabu alifunga msuko wa mwisho, akaokota nywele zilizoanguka mkekani, akazivingirisha zikawa donge dogo. Tangu utotoni mwao, yeye ndiye aliyekwenda kuzifukia nyuma ya nyumba, maana nywele za mtu haziachwi zikaangukia mikononi mwa mwenye husuda.

Leo Tunu aligeuka, akanyoosha kiganja.

"Nipe, dada. Nitazifukia mwenyewe."

Alisema hivyo akitazama mkeka.

Mwajabu alihisi uso wote ukiwaka moto.

"Nitarudia," alisema.

"Vizuri, dada."

Kiganja cha Tunu kilibaki wazi. Ngumi ya Mwajabu, yenye lile donge la nywele, ilikuwa bado haijafunguka.