Vumbi la Baba Victor

Kifuniko cha sufuria kiligonga jiwe la jiko, na Kunegunda akakibana haraka kwa kiganja. Alfajiri ilikuwa bado. Hakutaka mume wake aamke kabla uji wa ulezi haujaiva.

Hata hivyo, chumbani Kajetani alikohoa, na kikohozi kile kilimchoma Kunegunda kama mwiba.

Kwa miaka mingi Kajetani alikuwa akikata mabati ya asbesto kiwandani, Dar es Salaam. Kiwanda kilipouzwa kwa mtu binafsi, yeye na wenzake walirudishwa makwao. Egidi wa Namtumbo ndiye aliyeanza kukohoa. Alimeza vidonge vya kifua kikuu miezi na miezi, mwisho akazikwa. Hironimus akamfuata. Kumbe haikuwa kifua kikuu, ilikuwa saratani ya utando wa mapafu, saratani iletwayo na vumbi lile. Na sasa Kajetani naye alikuwa amepewa vidonge vilevile.

Kunegunda hakuviamini. Alimkokota mume wake hadi kwa Daktari Mathias, pale hospitali, akauliza waziwazi: mwenye ugonjwa ule anaponaje?

"Kupona ni vigumu, mama," daktari alisema. "Ila watu hawafanani. Anayewahi, ugonjwa ukiwa bado upande mmoja, naye bado anakula na kutembea, huyo Dar wanaweza kumpasua na kumpa dawa, akapata muda. Anayechelewa, sisi tunamtoa maji kifuani ili apumue. Basi." Akamgeukia Kajetani. "Nguo zako za kazini, mzee, nani alikuwa akizifua?"

"Nani mwingine?" Kunegunda akadakia, kwa fahari kidogo. "Kila jioni nilizikung'uta uani mpaka nyusi zikawa nyeupe. Huyu alikuwa akinicheka, ananiita bibi kizee!"

Daktari akaandika. Akaagiza wote wawili wapigwe picha ya kifua, kama ilivyo kawaida kwa wanaolala chumba kimoja na mwenye kifua kikuu.

Anayewahi. Anayekula. Anayetembea. Kunegunda aliyashika maneno hayo kama rozari. Mayai aliyoletewa na jirani yake Esteria, bila hata kuombwa, yalikwenda yote kwa Kajetani. Maziwa, Kajetani. Yeye alikwangua sufuria, na siku nyingine hata ukoko hakuutamani. Usiku alilala ameketi, ameegemea ukuta, ili amsikie mumewe anavyopumua.

"Mama Victor," Esteria alimtania, "mgonjwa wako anaota kitambi, na wewe gauni ndilo linalokuvaa!"

"Nyamaza, dada. Kifo nacho hunenepesha kwanza."

Asubuhi hii ndiyo ilikuwa ya majibu. Uji ulipokwisha, waliondoka kwao Mshangano kwa miguu. Walipofika sokoni Majengo, Kunegunda alisimama, mara hapa, mara pale, akijifanya anachagua sweta za mitumba, ili mume wake apumzike bila kuona aibu. Kajetani alimsubiri akipiga mluzi.

"Utanunua, au umekuja kuzikagua?"

"Twende polepole, Baba Victor. Usijitie ujana."

Hospitalini, nesi Careen alilifuta benchi kwa leso yake mwenyewe, ndipo akamketisha Kunegunda. Mtoto wa watu, Mungu ambariki, Kunegunda aliwaza. Mlango wa daktari ulipofunguliwa, akainuka na kikapu chake.

"Hapana, mama, wewe pumzika," alisema Careen. "Daktari anamwita mzee. Peke yake."

Mlango ukafungwa. Kunegunda akaduwaa. Peke yake? Tangu lini? Mama yake mzazi alipougua, Egidi alipougua, hakuna aliyemtajia mgonjwa jina la ugonjwa wake. Huitwa anayemuuguza. Huyo ndiye hubeba mzigo, akalia nyuma ya nyumba, akanawa uso, akarudi ndani akitabasamu. Huyu daktari alilelewa wapi? Atamvunja moyo Kajetani wa watu, na aliyevunjika moyo hali wala hatembei. Mayai yote yale, maziwa yote yale, yatakuwa yamemwagwa mtaroni.

Akasali. Akaanza Salamu Maria, zikamchanganyikia.

Kisha, ndani ya chumba, akasikia mume wake analia. Si machozi ya kimya ya wanaume. Alilia kwa sauti, kama msibani. Tangu waoane hajawahi kumsikia hivyo.

Kunegunda akausukuma mlango. Kajetani alikuwa ameinamia meza. Daktari alikuwa dirishani, ameshika ile picha nyeusi.

"Daktari, umefanya nini?" Pumzi ilimkatika, akashika ukuta, akaivuta tena. "Kwenu hukufundwa? Habari kama hizi mgonjwa haambiwi! Anaambiwa anayemuuguza!"

Daktari Mathias akaishusha picha.

"Ndivyo nilivyofanya, mama."

Jioni, kengele ya kuwaondoa wageni wodini ilipolia, Kunegunda, kutoka pale kitandani alipolazwa, alimshika Kajetani ukosi wa shati, akaunyoosha vizuri.

"Kesho uje tena kunitazama, Baba Victor."