Kilichomrudisha Hawanatu

"Endelea, Mama," Hawanatu alisema, akaisogeza simu karibu na kinywa cha mama yake ili inase kila neno. "Ulipofika Uingereza, nani alikupokea?"

"Baridi," Sista Baindu akajibu. "Mtu nilimwona kesho yake."

Wakacheka wote wawili. Kisha Hawanatu akageuka upande wa uani, haraka mno, na mama mtu akajua analia.

Ndivyo ilivyokuwa tangu binti huyo atue bila taarifa. Hakuwa amekanyaga mji wao wa Bo tangu maziko ya baba yake. Sasa kutwa alikuwa barazani na simu yake, akiuliza habari za zamani: chuo cha uuguzi Freetown, wodi ya wazazi, miaka ya ughaibuni, kambi za wakimbizi kule Guinea ambako mama alijitolea wakati wa vita. "Nataka watoto wangu wawe na sauti yako," alisema. Na kila asubuhi, kabla ya salamu: "Una nguvu leo, Mama?"

Sista Baindu hakuwa mjinga. Mwezi uliopita alianguka kliniki, pale anapojitolea kuwafundisha wakunga wapya, wakampeleka Freetown kupimwa moyo. Majibu yalipotoka, daktari alimpigia Hawanatu, siyo yeye. Muda si muda, Hawanatu huyo mlangoni. Katika maisha yake ya wodini Sista Baindu alikuwa amewaona ndugu wengi wa wagonjwa wakiingia na uso kama ule: tabasamu limetangulia, macho yamebaki nyuma.

Akaamua kumrahisishia mwanawe. Alisimulia yale ya kuchekesha, akaruka yenye majonzi.

Mchana wifi yake, Kona, aliyeishi naye nyumba moja, aliwatengea wali na kisamvu kilichoiva kwa mawese. Hawanatu alikula matonge mawili, akaisukuma sahani.

"Umeshiba nini?" Kona akamjia juu. "Tazama mifupa ya shingo! Huko kwenu mnakula hewa?"

"Mwache mtoto, Kona."

"Mtoto! Mtoto ana mvi!"

Sista Baindu hakucheka. Alijua jinsi huzuni inavyoweza kulifunga tumbo la mtu.

Kona alipoondoka na vyombo, Hawanatu akaiwasha tena simu. "Nisimulie Ebola."

"Hiyo unaijua. Nilikuwa nimeshastaafu. Wakatafuta wauguzi wa kujitolea, nikaenda."

"Nilikupigia nikilia. Nikakuomba usiende."

"Uliniomba. Lakini watu walikuwa wanakufa peke yao, mwanangu. Hakuna hata wa kuwashika mkono."

"Wewe uliwashika?"

"Kwa glavu mbili mbili, lakini niliwashika."

Jirani alikuwa anatwanga kitu, na kinu chake kilisikika hadi barazani.

"Mama, huwa wanaogopa? Pale mwishoni?"

Anauliza kwa ajili yangu, Sista Baindu aliwaza. Anataka kujua kama naogopa. Akaituliza sauti yake, kama alivyozoea kitandani kwa wagonjwa.

"Mwanzoni, ndiyo. Lakini mtu akiwa na wake pembeni, hofu inapungua. Nimeona kwa macho yangu. Anakuwa kama mtoto anayesinzia."

"Kweli?"

"Mimi nikudanganye?"

Hawanatu akaitikia kwa kichwa, polepole, kama aliyepewa dawa akaimeza.

Mama akamtazama. Shule, wagonjwa, safari, kambi, vyote alivipa muda wake. Mwanawe huyu mmoja alimwona kwa vipande. Alimwacha kwa bibi yake angali mdogo, akamkuta msichana mkubwa. Vita vilipokwisha, binti naye akapanda ndege, akaenda zake. Na sasa ndiyo wanakaa pamoja, wakati hakuna tena wakati.

"Zima hiyo simu," alisema.

Hawanatu akazima.

"Nimewapa watu habari mbaya maisha yangu yote. Na mimi naweza kupewa. Nimeishi, nimetembea, nimezaa, sina ninalomdai Mungu. Usiendelee kujitesa kwa kunificha. Daktari alikwambia nini?"

Hawanatu akashuka kitini, akakaa sakafuni, akaegemeza kichwa mapajani mwa mama yake.

"Daktari wako alisema moyo wako ni mzima, ulianguka kwa uchovu tu," alisema. "Daktari wangu mimi ndiye aliyesema hakuna tena la kufanya. Nimekuja uniuguze, Mama."