Kikombe cha Kwanza cha Kisima Namba Nne

Sheria ilimtaka fundi anayetangaza kisima kuwa safi ahamie hapo na familia yake, wanywe maji yake mwaka mzima kabla ya majirani kuruhusiwa. Kwa miaka tisa fundi Mwanaidi alikuwa akivuta na kusafisha maji yenye sumu kutoka chini ya kiwanda cha betri kilichofungwa. Asubuhi hiyo alitia sahihi kwamba kisima ni safi.

Mumewe, Shomari, alimjazia binti yao, Tatu, kikombe, kisha akasita.

"Ni salama?"

"Kipimo kinasema ni salama."

"Nakuuliza wewe, Mama Tatu."

Mwanaidi alikichukua kikombe, akanywa nusu. Hakuhisi ladha yoyote.

"Mama, nibakishie," Tatu akasema.

Akampa kikombe. Nje ya uzio majirani walisimama na ndoo tupu, wakimtazama mtoto akimeza.