Neno Uvimbe

"Nani ameshusha kichwa cha kitanda?" daktari aliuliza.

"Mimi," mke wa mgonjwa akajibu, macho mazito kwa kukesha. "Si ulisema ana uvimbe kwenye ubongo? Nikaona basi, angalau alale kama kwake."

Alipolisikia neno hilo asubuhi, aliwapigia simu ndugu wote waje kumuaga.

Daktari akashusha pumzi. "Mama, si uvimbe ule wa kuota. Alipoanguka ubongo ulitikisika, ukavimba, kama mguu ulioteguka. Tunampa dawa ya kupunguza maji, na kichwa lazima kikae juu. Ukimlaza hivi, unatuharibia kazi."

Mke alipiga magoti, akashika mpini wa chuma chini ya kitanda, akaanza kuuzungusha. Ulikuwa mgumu kama nini, na kutu ikamganda kiganjani. Kichwa cha mumewe kikapanda kidogo, kikasita, kikapanda tena.

Simu ikaita. Akaibana kwa bega.

"Shemeji, tuko getini," mdogo wa mumewe alisema huku analia. "Tumemwahi?"

"Mmemwahi," akasema, anahema. "Futa machozi, uje unisaidie kuzungusha."